Kokoto, Mwambie Baba Yako

Katika nyumba ya fundi vioo waliishi watu wawili na mbwa mmoja, na mbwa ndiye aliyekuwa na kazi nyingi kuliko wote. Mlango hakuulinda, akiona mgeni alimpisha apite. Panya hakuwakimbiza. Kazi yake ilikuwa kukaa katikati ya mume na mke na kupokea maneno.

“Kokoto,” mke alikuwa akisema kila asubuhi huku akimimina chai, “mwambie baba yako chai inapoa.”

Na huyo baba yake alikuwa ameketi pale pale mezani, birika liko mbele ya pua yake. Alimgeukia mbwa, akasafisha koo, akajibu, “Kokoto, mwambie mama yako nakuja.” Kisha akavuta kikombe bila kwenda popote, maana alikuwa ameshafika.

Mambo yote ya nyumba yalipita njia hiyo. Kokoto, mwambie mama yako fulana yangu ya kijivu siioni. Kokoto, mwambie baba yako fulana ya kijivu ameivaa. Wateja wapya walidhani wameingia katikati ya ugomvi, wakawa wanajikohoza na kutazama dari. Wale wa zamani walikwisha kuzoea, na wengine walijiunga: “Kokoto, mwambie fundi dirisha langu nalitaka Ijumaa.” Fundi hakuona kichekesho chochote hapo. Kwake yeye hivyo ndivyo watu walivyozungumza.

Wala usidhani waligombana. Hawa wawili hawakuwahi kununiana hata siku moja. Tatizo, kama utapenda kuliita tatizo, ni kwamba fundi alizaliwa na aibu. Akiwa na wateja aliongea bila taabu, kwa sababu mteja ana urefu na upana wa kuzungumzia. Lakini mbele ya mtu anayempenda, maneno yalimkwama kooni. Enzi zile alipokuwa akimtaka huyu mke wake, alikwenda kwao kutengeneza dirisha, akarudi kulikagua, akarudi tena kukagua madirisha yasiyo na ufa wala mkwaruzo, mpaka mama wa binti akamwambia, “Kijana, kama unamtaka binti yangu sema, maana hapa madirisha yamekwisha.” Hata hapo hakusema. Aliitikia kwa kichwa, na ndoa ikafungwa.

Miaka ya mwanzo waliishi kwa “eeh” na “haya”. Mke alikuwa mtu wa maneno, na mengi aliyameza. Kisha akazaliwa binti yao. Siku moja mke, mtoto akiwa mapajani, akasema, “Mwambie baba yako atuletee lile shuka la njano.” Fundi, badala ya kuinuka kimya kimya kama kawaida yake, akamwinamia mtoto na kusema, “Mwambie mama yako la njano halijakauka, nitaleta la bluu, na mwambie kwamba leo mmependeza nyote wawili.” Mke alibaki mdomo wazi. Hakuwahi kusikia maneno mengi namna ile yakitoka kwa mumewe kwa pumzi moja. Tangu siku hiyo nyumba ikapata njia yake ya kuongea.

Binti alikua akipokea huku na kupeleka kule. Akasoma, akaolewa, akahamia mji wa mbali na mumewe. Alichowaachia wazazi ni mtoto wa mbwa aliyemwokota kwenye fungu la kokoto nje kwa jirani aliyekuwa akijenga. “Mtunzeni,” alisema akiingia garini. Asubuhi ya kwanza bila yeye, chai ilipoa kwelikweli. Mke alikitazama kiti kitupu, akamtazama mumewe, akaona haya kama bibi harusi, akainama chini ya meza. “Kokoto,” alisema, “mwambie baba yako anywe chai.” Hivyo ndivyo mbwa alivyoajiriwa.

Kazini ndiko alikotumika zaidi. Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba: meza kubwa iliyotandikwa zulia kuukuu, vioo vimesimamishwa ukutani kwenye vizimba vya mbao, vikubwa nyuma na vidogo mbele, na harufu ya mafuta ya taa ambamo fundi alichovya kisu chake kabla ya kukata. Fundi alikata. Mke alipokea wateja na kusugua kingo za vioo kwa jiwe lenye maji, zisije zikamkata mtu. Vioo vikubwa walivibeba wawili, na kubeba kioo kikubwa kuna utaratibu wake. Mmoja anashika upande mzito na kutembea kinyumenyume. Mwingine anakuja mbele yake, anamwangalizia njia. Fundi ndiye aliyerudi nyuma. Mke ndiye aliyekuwa macho.

“Kokoto, mwambie baba yako kuna ngazi.”

“Kokoto, mwambie baba yako ainamishe upande wa juu, asigonge taa.”

Kokoto alitembea kando yao, masikio juu, akimtazama huyu kisha yule. Hakuna kioo kilichowahi kuwaponyoka. Fundi alijisifia mikono yake kwa hilo, na mara moja moja alimsifia na mbwa.

Basi ikatokea kwamba Kokoto akaacha kula. Mwanzoni aliacha mkate, wakacheka wakasema amekuwa bwana mkubwa. Kisha akaacha nyama, na hapo hakuna aliyecheka. Akawa anajificha nyuma ya vizimba vya vioo, akilamba mguu wake wa mbele mpaka manyoya yakaisha na ngozi ikawa nyekundu. Walimwita kwa upendo wote waliokuwa nao. Kadiri walivyomwita ndivyo alivyojibanza. Kila akiitwa alitoka, kwa sababu alikuwa mbwa mtiifu, akasimama katikati yao akitetemeka, kisha akarudi mafichoni.

“Kokoto, mwambie baba yako nina wasiwasi,” mke alisema.

“Kokoto, mwambie mama yako hata mimi,” fundi alijibu, na kweli usingizi ulikuwa umempaa. Mbwa yule ndicho kitu pekee alichoachiwa na mwanawe. Akifa, atamwambia nini? Na kulikuwa na jambo la pili ambalo hakuthubutu kulifikiri mpaka mwisho: Kokoto akiondoka, yeye atasema na mkewe kwa njia gani?

Walimpeleka kwa daktari wa mifugo. Alikuwa mwanamke wa makamo, amekunja mikono ya koti, chumba chake kina meza ya bati, mzani na picha ya ng’ombe anayecheka. Alimpima Kokoto macho, meno, tumbo na moyo. Akamtoa damu kidogo, akaipeleka chumba cha pili, akarudi.

“Ugonjwa siuoni,” alisema. “Hebu nielezeni anavyoishi.”

Fundi akamgeukia mbwa. “Kokoto, mwambie mama yako amweleze daktari ulivyoanza.”

“Kokoto, mwambie baba yako aanze yeye, ndiye aliyekuona wa kwanza nyuma ya vizimba.”

“Kokoto, mwambie mama yako mimi nilikuona, ila siku nimesahau.”

Daktari alikuwa ameweka kalamu chini. Hakuwatazama wao; alimtazama mbwa. Kila jina lake lilipotajwa, Kokoto alijiinua pale mezani, masikio yakasimama, akamkodolea macho aliyemwita, akangoja. Hakuna kilichofuata. Akalala. Akaitwa tena, akainuka.

“Nyumbani mko hivi hivi?” daktari aliuliza.

“Hivi vipi?” fundi akauliza kwa dhati kabisa.

Daktari alivuta kiti akaketi, kama mtu anayetaka kutoa habari nzito kwa upole. “Huyu mbwa anajua neno moja la hakika, nalo ni jina lake. Akilisikia anajua anatakiwa. Anainuka, anakuja, anangoja aambiwe la kufanya. Haambiwi. Akilala anaitwa tena. Kutwa yuko kazini, na kazi yenyewe hajui ni ipi. Mnaona anavyojilamba mguu? Binadamu angeng’ata kucha.”

“Lakini tunampenda,” mke alisema.

“Naona. Watu wengi wanaokuja hapa nawabembeleza waongee na mbwa wao, maana wanawafunga uani na kuwasahau. Nyinyi ni wa kwanza kuwaambia mpunguze.” Aliinuka, akampapasa Kokoto kichwani bila kumwita. “Msimtaje jina mpaka awe anatakiwa kweli, kwa chakula au kwa matembezi. Maneno yenu mengine tafuteni pa kuyapeleka. Na msichelewe. Kwa umri wake, akiendelea kukaa na njaa hivi, hatadumu.”

Walirudi kwa miguu. Mbwa alitembea katikati yao, na kila mmoja alifungua mdomo akaufunga.

Sasa, nikwambie ukweli, dawa ilifanya kazi haraka kuliko walivyotarajia. Nyumba ilinyamaza, na Kokoto akaanza kulala, ule usingizi wa kulala ubavu, miguu imenyooshwa, akikoroma. Alilala barazani, alilala chini ya meza, alilala katikati ya njia watu wakamruka. Akaanza kulamba bakuli la supu. Manyoya ya mguuni yakaanza kuota kama ndevu za kijana. Fundi alimtazama, moyo ukamtulia upande mmoja.

Upande wa pili ulimchafuka. Kwa sababu mbwa alivyopona, mke ndivyo alivyofifia. Asubuhi alimimina chai, akaisukuma mbele ya mumewe kwa kidole, basi. Zamani kila kilichopita barabarani kilimfikia fundi kupitia kwa Kokoto: nani kanunua kofia mbaya, jirani gani anajidai kapungua unene. Sasa mke alikaa kwenye kiti chake mlangoni, anasugua kingo za vioo, anatazama nje, na vyote vinavyopita anavimeza. Fundi alitaka kumwuliza habari za barabarani. Aliliandaa swali kabisa kichwani, akalipima, akasogea hadi nyuma ya kiti chake. Akaishia kuchukua jiwe la kusugulia, akalitazama, akalirudisha.

Siku binti alipopiga simu, mke alisema naye kidogo tu, akamkabidhi mumewe simu akaenda jikoni.

“Baba, mmegombana?” binti aliuliza.

“Hapana.”

“Mbona mama hana hadithi hata moja? Nimemwuliza habari za jirani, ananiambia hajambo. Mama mimi ninayemjua hawezi kusema jirani hajambo akaishia hapo.”

“Daktari amemkataza kuongea.”

“Mama anaumwa?”

“Hapana, ni Kokoto. Daktari amesema tusiongee na Kokoto.” Akamweleza yote, maficho, mguu, meza ya bati. Binti alisikiliza. Fundi alitegemea atamhurumia mbwa, lakini alipomaliza alisikia kicheko kidogo upande wa pili, kisha kikakatika.

“Baba, mimi ndiye niliyekuwa Kokoto kabla ya Kokoto. Najua ile kazi. Nilikuwa narudi shule nimechoka, nakaa mezani nageuza shingo kama feni.” “Sikuwa nalalamika, ilikuwa raha, mlikuwa mnaambiana mambo mazuri. Lakini nikuulize. Daktari amekukataza kuongea na Kokoto. Na mama je, nani amekukataza?”

Fundi alitafuta jibu, akatazama hata ukutani kama limeandikwa. “Tutaongea, mwanangu,” alisema. Binti akamwambia haya baba, kwa sauti ya mtu asiyeamini.

Haukupita muda akaja msusi mwenye saluni ya pembeni ya soko, mwanamke mnene mcheshi, akaagiza kioo cha kujitazamia kikubwa kuliko vyote walivyowahi kuuza, cha kufunika ukuta mzima. Fundi alikikata kwa jasho. Mke akasugua kingo pande zote nne mpaka zikawa laini. Siku ya kukichukua, msusi alileta pikapu ikaegeshwa nje, nyuma yake kumetandikwa magodoro, na yeye akabaki barabarani kumwelekeza dereva.

Mume na mke walivaa glavu. Wakasimama, mmoja huku, mmoja kule. Zamani hapa ndipo mke alipokuwa akisema, Kokoto, mwambie baba yako tuko tayari. Leo aliashiria kwa kichwa, fundi akaitikia kwa kichwa, wakainua.

Kioo kilikuwa kizito kuliko walivyodhani. Fundi alianza kurudi nyuma, hatua ndogo ndogo, akisikia kwa kisigino palipo sakafu. Nyuma yake kulikuwa na mlango, kisha baraza nyembamba, kisha ngazi za kushukia barabarani. Hakuona lolote kati ya hayo. Alichokiona ni uso wa mkewe upande wa pili, ukichungulia juu ya bega lake, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ya kubeba vioo, uso ule haukuwa unasema chochote. Akapita mlangoni. Akaingia barazani.

Pale barazani, juu kabisa ya ngazi, Kokoto alikuwa amelala ubavu, miguu imenyooka, akikoroma. Zamani asingekuwa amelala. Zamani angekuwa pembeni, masikio juu. Lakini tangu aachishwe kazi alilala popote, na sasa kisigino cha fundi kilikuwa kinamwendea mgongoni.

Mke alimwona. Mdomo wake ukafunguka, na kilichokuwa tayari mdomoni ni kile kile cha kila siku. Kokoto, mwambie. Alilifikisha neno la kwanza mpaka kwenye meno. Hapo hapo akaelewa kwamba akilitamka, mbwa ataruka juu kama anavyofanya daima akiitwa, atamwingia mumewe miguuni, na mume ataporomoka ngazini kinyumenyume akiwa amekumbatia kioo kinachomzidi kimo.

Fundi aliuona uso wa mkewe ukibadilika, akajua pana jambo, asijue ni jambo gani. Mguu wake ulikuwa hewani.

“Mume wangu,” mke alisema, “simama.”

Hakusema kwa sauti kubwa. Fundi alisimama kama aliyepigwa msumari. Si kwa ajili ya lile neno simama. Ni lile la kwanza lililomkamata, maana hakuwahi kuitwa hivyo mbele ya macho yake, na alikuwa ameoa miaka mingi kuliko nywele alizobakiwa nazo.

“Usigeuke,” mke aliendelea. “Mbwa amelala nyuma ya kisigino chako. Rudisha mguu ulipokuwa.”

“Naurudisha.”

“Sasa sogea kulia.”

“Kulia kwangu au kwako?”

“Kwako. Kidogo tena. Tena. Umempita. Sasa nyuma yako kuna ngazi ya kwanza, tafuta kwa kidole cha mguu. Hiyo hiyo. Mikono inachoka?”

“Inachoka.”

“Na yangu. Tumalize.”

Walishuka wakiongea. Ngazi, mume wangu. Nimeipata. Inamisha. Nainamisha, wewe mbona unatetemeka. Natetemeka kwa sababu ulitaka kufa. Basi sikufa. Mpaka kioo kilipolala juu ya magodoro na msusi akawa anakizunguka akijisifu, hao wawili walikuwa wamesemezana mengi kuliko mwaka wao wa kwanza wa ndoa. Nyuma, juu ya ngazi, Kokoto hakuwa ameamka.

Pikapu ilipoondoka walikaa kwenye benchi la karakana, bega kwa bega, glavu bado mikononi. Fundi aliyatazama magoti yake. Kulikuwa na jambo, na alijua kwamba lisipotoka sasa halitatoka tena.

“Ule mwaka nilioumwa mgongo,” alianza, akakwama. Mke hakumsaidia. Alingoja. “Nilikuwa nimelala kitandani siwezi kujigeuza. Ukawa unakata vioo mwenyewe, na hukuwa umejifunza. Vidole vyote plasta. Ukimaliza unakuja kuniogesha, unanivua soksi. Sikukushukuru.”

“Ulishukuru. Ulimwambia Kokoto aniambie asante. Nilikuwa nimesimama pale pale, nikasikia.”

“Ulisikia,” fundi alisema, “lakini sikukwambia wewe.”

Barabarani mtu alipita akisukuma baiskeli, na mke hakumtazama.

“Basi niambie,” alisema.

Fundi akageuka, akamtazama machoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata alipokuwa akikagua madirisha ya kwao. “Asante, mke wangu. Kwa ule mgongo. Kwa vidole vyako. Kwa kukaa na mtu asiyesema miaka yote hii, na hukuondoka.”

Mke alinyanyua mkono kujifuta machozi. “Glavu ina vumbi la kioo,” fundi alimwambia haraka, akaushika mkono ule, akauvua glavu kidole kwa kidole, kisha akamfuta kwa upindo wa shati lake.

“Na mimi nina langu,” mke alisema baadaye. “Yale madirisha. Mimi ndiye niliyekuwa namwambia mama yana ufa, ili urudi.”

Fundi alicheka mpaka mgongo ukamkumbusha kuwa bado upo. Walikuwa bado wanacheka Kokoto alipoingia akijinyoosha, akawatazama, akaona hakuna anayemtafuta, akapita moja kwa moja hadi kwenye bakuli lake. Wakasikia anatafuna nyama.

Walimrudisha kwa daktari, si kwa ugonjwa, bali kwa sababu mke alisisitiza kwamba mtu akikusaidia unakwenda kumwambia. Daktari alimpima, akampiga piga ubavuni, akasema mbwa amenenepa. Akawatazama na wao, akatabasamu bila kuwauliza kitu.

“Sasa anaishi kimya?” alisema.

“Kimya,” fundi alijibu. “Hatumtaji kabisa, tunaogopa.”

“Msizidishe tena upande huu. Ongeeni naye. Mbwa anapenda kusemeshwa, mpaka achoke kusikia mkitaka. Ila mnachomwambia kiwe chake.”

Fundi alilichukua neno hilo akatembea nalo mpaka nyumbani. Alitafuta kichwani kitu alichowahi kumwambia Kokoto ambacho kilikuwa cha Kokoto mwenyewe, ukiacha njoo na kula. Hakukipata. Miaka yote amemsemesha kutwa, na hajamwambia kitu.

Walipofika, mke alikwenda jikoni kuweka maji ya chai. Fundi alichuchumaa barazani mbele ya mbwa, taratibu kwa ajili ya mgongo.

“Kokoto.”

Mbwa akainua kichwa. Masikio yakasimama. Akamtazama fundi, kisha akageuza shingo kuelekea jikoni kumtafuta mke, tayari kwa kazi.

“Hapana, baba, tulia,” fundi alisema, akamshika kidevu na kukirudisha upande wake. Aibu ilimpanda ile ile ya zamani, akaiacha ipande. “Asante. Umetubebea mengi. Hii ni yako, usimpelekee mtu.”

Kokoto alitazama jikoni mara moja tena, kwa mazoea. Kisha akamrudia fundi, akalaza kichwa juu ya kiatu chake, akalala.